Saa ya Kugonga: Ilikotoka, Namna ya Kuitambua, na Inagonga Saa ya Nani Hapa Kilembe?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wa Kilembe, Kasese na Bwera, katika ukurasa wetu wa historia leo tutazungumzia kitu ambacho bado kimo katika baadhi ya nyumba za wazee wetu, lakini kinatoweka kidogo kidogo. Nacho ni ile saa kubwa ya mbao yenye kutiwa ufunguo, inayokaa juu ya kabati na kugonga kila inapofika saa kamili. Nyingi zimesimama. Wengine wameitoa mashine ndani wakatia ya betri, na wengine wameziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo ya shaba.

Tumeona ni vizuri kueleza saa hizi zilitoka wapi, mtu anawezaje kujua aliyonayo ni ya wapi na ya miaka gani, na ni matengenezo gani anaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani bila kuiharibu. Mwisho tutajibu swali ambalo watoto huuliza, na ambalo kwa sisi tunaoswali na kufunga lina uzito wake: saa inapogonga mara saba asubuhi nasi tukasema ni saa moja, nani mkweli?

1. JINA LAKE NA UMBO LAKE

Wazungu huiita saa hii kwa jina la rafu iliyo juu ya meko ya kuotea moto sebuleni, kwa sababu huko kwenye baridi ndipo ilipokuwa ikiwekwa. Sisi hatuna meko sebuleni, kwa hiyo imekaa juu ya kabati la vyombo au mezani karibu na redio. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita saa ya kabati, au saa ya kugonga.

Ndani yake mna mambo makuu matatu. La kwanza ni kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliosokotwa, ambao ukikazwa kwa ufunguo huhifadhi nguvu na kuitoa polepole. La pili ni kile kinachoizuia nguvu hiyo isitoke kwa mara moja, nacho huwa ni pendulumu inayobembea au gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. La tatu ni nyundo inayopiga kengele, au waya mzito uliosokotwa, au vijiti vya chuma.

Saa nyingi za namna hii hugonga idadi ya saa inapofika saa kamili, kisha mara moja kwenye nusu saa. Wanafunzi wapige hesabu: moja mpaka kumi na mbili ukijumlisha ni 78. Usiku na mchana ni 156. Ukiongeza nusu 24 unapata mapigo 180 kila siku. Kwa siku nane ambazo saa hukaa bila kutiwa ufunguo, nyundo hupiga mara 1,440. Hiyo ni kazi kubwa kwa mashine inayoingia ndani ya kiganja cha mikono miwili, na ndiyo maana inahitaji kutunzwa.

2. WAISLAMU NA SAA ZENYE SAUTI

Watu wengi hudhani saa ni kitu cha Ulaya peke yake. Si hivyo. Katika mwaka 807 wajumbe wa Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad walifika kwa mfalme Charlemagne wakiwa na zawadi, na miongoni mwake ilikuwa saa ya shaba iliyoendeshwa na maji. Kila saa ilipotimia, vipira vidogo vya shaba vilianguka juu ya sahani na kutoa mlio, na sanamu ndogo za wapanda farasi zikatokeza milangoni. Wanahistoria wa kifalme wa huko waliiandika habari hiyo katika kumbukumbu zao za mwaka.

Karne nne baadaye, fundi al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir katika Uturuki ya leo, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake kikubwa cha mitambo. Ndani yake alieleza kwa michoro namna ya kutengeneza saa za maji, ikiwemo ile mashuhuri yenye umbo la tembo, ambayo ilitoa sauti kila nusu saa. Katika mji wa Fes, Morocco, mwaka 1357 ilijengwa saa ya maji mbele ya madrasa ya Bou Inania, na mabaki yake yapo ukutani hadi leo. Na katika miaka ya 1550, mwanachuoni Taqi al-Din aliandika juu ya saa za mashine zenye magurudumu ya meno.

Sababu ya juhudi hizo inajulikana. Swala zina nyakati zake, na misikiti mikubwa ilikuwa na mtu maalumu aitwaye muwaqqit, ambaye kazi yake ilikuwa ni kupima wakati. Mmoja wao alikuwa Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Umayya, Damascus, ambaye mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua iliyowekwa kwenye mnara wa msikiti huo. Zingatia jambo hili: muwaqqit alilitazama jua kwanza, kisha ndipo akairekebisha saa. Tutalirudia jambo hili huko mbele.

Ama saa yenye kamani na pendulumu, hiyo ilikamilika Ulaya. Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza saa ya pendulumu mwaka 1656. Karibu na mwaka 1676 kasisi Mwingereza Edward Barlow akabuni njia mpya ya kuhesabu mapigo, ambayo tutaieleza kwenye matengenezo, kwani mpaka leo ndiyo inayotenganisha aina mbili kuu za saa za kugonga.

3. ZILIVYOFIKA PWANI YETU

Kwa muda mrefu saa zilikuwa mali ya wafalme. Zilianza kuwa za watu wa kawaida katika karne ya 19, pale viwanda vya jimbo la Connecticut, Marekani, vilipoanza kukata magurudumu yote kwa mashine, yakawa yanalingana, na bei ikashuka. Wajerumani nao wakafuata katika nusu ya pili ya karne hiyo.

Zanzibar ilikuwa mteja wa mapema wa bidhaa za Marekani. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1840 jahazi lake la Sultana lilitia nanga New York. Wamarekani walichukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, na wakaleta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, pamoja na vitu vingine vya viwandani. Binti wa Sultani huyo, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akajulikana kama Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 ameeleza vyumba vya matajiri wa Zanzibar vilivyopambwa kwa vioo na saa.

Kisha saa ikatoka chumbani ikapanda mnarani. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na mbele ya majumba yake kulikuwa na mnara wenye saa. Mnara huo uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika chini ya saa moja. Baadaye Beit al-Ajaib yenyewe ikapewa mnara wa saa. Kwa masikitiko, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafariki.

4. KUTOKA MOMBASA MPAKA KASESE

Kuja bara, vitu vizito vilihitaji reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Kuja kwetu huku ilikuwa ni kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Njia ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na tangu hapo shaba ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa, na mabehewa yakirudi yanaleta mali za madukani.

Mgodi na reli vilileta huku aina mpya ya wakati. Mkulima wa mlimani alitazama jua, lakini treni haikumsubiri mtu, na zamu ya mgodini huanza kwa dakika. Kilembe ilikusanya wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za Uganda na nchi za jirani, na saa ya nyumbani haikuwa tena pambo. Anayetakiwa kazini usiku wa manane alihitaji kitu cha kumwamsha, na mama wa nyumbani alihitaji kujua mume anatoka chini ya ardhi saa ngapi.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka wafanyabiashara na mafundi wengi wa miji ya Uganda. Uzalishaji wa shaba ulisimama mwaka 1982, na treni za Kasese nazo zikakoma katika miaka ya 1990. Tarehe 1 Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika na kuingia majumbani na hospitalini ukiwa na mawe na matope. Saa iliyobaki salama baada ya yote hayo ni shahidi wa historia ya bonde hili, wala haifai kupimwa kwa kilo.

5. NAMNA YA KUITAMBUA SAA YAKO

Usianze kwa kutazama jina lililo usoni. Mara nyingi hilo ni jina la duka lililouza. Geuza saa, fungua mlango wa nyuma, washa tochi na utazame bamba la shaba la mashine. Hapo ndipo mtengenezaji alipoweka alama yake. Baadhi ya alama hizo ni hizi:

- Nyota yenye ncha nane na herufi J ndani yake ni Junghans wa Schramberg, Ujerumani.
- Mishale miwili iliyopishana ni kampuni ya Hamburg American, ambayo pamoja na jina lake ilikuwa ya Ujerumani, na baadaye iliungana na Junghans.
- Nanga yenye herufi G na B pamoja na taji ni Gustav Becker.
- Herufi A ndani ya mraba ulio ndani ya duara ni Ansonia wa Marekani. Kampuni hii ilisimama mwaka 1929 na mitambo yake ikauzwa Urusi ya Kisovieti, kwa hiyo saa yake ni ya kabla ya hapo.
- Jina Smiths Enfield ni la Uingereza. Smiths waliinunua kampuni ya Enfield mwaka 1933, basi saa yenye majina yote mawili ni ya baada ya mwaka huo.

Kama hakuna jina, maneno madogo husaidia. Herufi D.R.G.M. ni usajili wa Ujerumani ulioanza mwaka 1891, kwa hiyo saa haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo. Ikiandikwa West Germany, ni ya baada ya mwaka 1949 na kabla ya 1990. Saa iliyoandikwa usoni kwamba hukaa siku 15 au siku 31 mara nyingi ni ya Asia, na nyingi ni za nusu ya pili ya karne ya 20.

Hesabu pia matundu ya ufunguo. Tundu moja kwa kawaida ni saa isiyogonga. Mawili ni mwendo na kugonga. Aghalabu la kulia ni la mwendo na la kushoto ni la kugonga. Matatu maana yake saa huimba kila robo saa. Hapo la katikati ni la mwendo, la kushoto ni la kugonga saa kamili, na la kulia ni la wimbo wa robo. Ikiwa saa inakwenda lakini haigongi, huenda hakuna ubovu wowote ila tundu moja halijatiwa ufunguo.

Mwisho, tazama mbao zilizo nyuma ya mashine. Ukiona matundu ya skrubu yasiyo na kazi, jua kwamba mashine iliyomo siyo iliyozaliwa na sanduku hilo. Si kosa kuwa nayo, ila usiiuze wala usiinunue kwa bei ya saa kamili.

6. MATENGENEZO UNAYOWEZA KUYAFANYA

Kwanza tutaje jambo la hatari. Kamani iliyojaa ina nguvu ya kuvunja kidole. Usifungue skrubu zinazoshika mabamba mawili ya mashine ikiwa kamani haijalegezwa, na kulegeza huko ni kazi ya fundi. Watoto wasiachiwe kabisa. Yafuatayo ni yale ambayo mtu mzima makini anaweza kuyafanya nyumbani.

(a) Saa inakwenda dakika mbili kisha inasimama. Sikiliza sauti yake. Iwe sawasawa, tik, tak, tik, tak. Ikiwa inachechemea, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, haijakaa sawa. Inua upande mmoja kidogo kwa kipande cha kadibodi, kisha mwingine, mpaka sauti ilingane. Saa nyingi zinazosemwa ni mbovu hazina ugonjwa zaidi ya huu.

(b) Pendulumu haibembei vizuri. Imening'inizwa kwenye kipande chembamba cha chuma, chembamba kama wembe. Kikikunjika au kupasuka, saa haiendi. Kipande hiki hubadilishwa, nacho ndicho huharibika watu wanapoihamisha saa. Kila unapoihamisha, toa pendulumu kwanza.

(c) Watu husema saa imejazwa kupita kiasi ndiyo maana imekwama. Hilo si kweli. Kamani imeumbwa ijazwe mpaka mwisho. Kinachoikwamisha ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi yakachanganyika na vumbi. Usitie mafuta ya kupikia, ya nazi, ya taa wala ya cherehani. Mafuta ya saa huwekwa tone dogo tu pale ncha za mihimili zinapopita katika bamba. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta, kwani hushika vumbi na kuwa msasa.

(d) Akrabu zinaonyesha saa tatu lakini inagonga tano. Hapa ndipo unapohitaji kujua aina mbili tulizozitaja. Saa za aina ya zamani zina gurudumu la kuhesabu lenye mapengo pembezoni. Gurudumu hili halijui akrabu zimesimama wapi. Linahesabu tu moja, mbili, tatu mpaka kumi na mbili kisha linaanza tena. Likipotea, hubaki limepotea. Dawa yake ni kuinua taratibu kijiti kinachoingia katika mapengo hayo ili igonge tena na tena, mpaka ilingane na akrabu. Aina ya pili, ile iliyotokana na Barlow, ina kipande chenye meno kama ya msumeno kinachoangukia juu ya sahani yenye ngazi kama konokono. Hii hujisoma yenyewe kila saa. Ikigonga tano kwenye saa tatu, kwa kawaida ni akrabu ndogo iliyoteleza mahali pake. Isogeze kwa vidole mpaka kwenye tano, kisha usogeze ile kubwa mpaka wakati wa kweli. Katika kurekebisha, peleka akrabu kubwa mbele na usubiri igonge kila saa. Usiirudishe nyuma kupita kumi na mbili.

(e) Sauti imekuwa kali kama ya bati. Ngozi iliyo kwenye nyundo imekauka. Ibadilishe kwa ngozi laini. Nyundo ikae mbali kidogo na kijiti, ipige na kurudi. Ikikilalia, sauti hufa.

(f) Saa inachelewa. Sisi watu wa Kasese tunayo sababu ambayo wa London hawana. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akaona saa yake ya pendulumu iliyokuwa sahihi Paris inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Newton alitumia habari hiyo kuonyesha kwamba dunia imetuna katikati, hivyo mvutano wake ni mdogo kwenye ikweta. Ikweta inapita katika wilaya yetu, pale Kikorongo penye alama barabarani. Basi saa iliyosawazishwa London ikaletwa hapa bila kuguswa itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Dawa ni kuzungusha skrubu iliyo chini ya pendulumu ili uzito upande juu. Kwa pendulumu ya sentimita 15, milimita moja inabadilisha takriban dakika tano kwa siku, kwa hiyo nusu milimita yatosha. Saa zenye gurudumu dogo badala ya pendulumu hazina tatizo hili.

(g) Saa iliyoingia maji ya mafuriko. Usiitie ufunguo hata kama inaonekana kavu. Mchanga ulioingia ndani utakula matundu ya mihimili. Toa pendulumu, iache mahali pa kivuli penye hewa, usiianike juani kwani mbao zitapasuka, kisha umpelekee fundi aisafishe yote.

7. INAGONGA SAA YA NANI?

Sasa tufike kwenye swali la watoto. Saa inapogonga mara saba asubuhi, inahesabu tangu usiku wa manane kama walivyohesabu walioitengeneza. Mswahili anahesabu tangu kucha, ndiyo maana husema saa moja. Hesabu yetu ina udugu na ile iliyotumika katika nchi nyingi za Kiislamu, ambapo siku huanza Magharibi, na saa ziliwekwa kwenye kumi na mbili jua linapozama. Istanbul ilikuwa hivyo mpaka Uturuki ilipoacha mwanzoni mwa mwaka 1926. Lakini huko ilikuwa ni shida, kwani baina ya kiangazi na baridi Magharibi husogea karibu masaa matatu, na saa ililazimika kurekebishwa kila mara. Huku kwetu kwenye ikweta mchana ni masaa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Hesabu ya kuanzia kucha na kuchwa inakaa vizuri katika ardhi kama hii, na ndiyo maana Kiswahili kimeihifadhi.

Mwenye kutaka saa yake igonge kwa Kiswahili anaweza. Asubuhi saa moja aweke akrabu ndogo kwenye 1 badala ya 7, aoanishe mapigo, na itaendelea hivyo daima. Mashine haitadhurika.

Lakini kuna tofauti nyingine, nayo ni muhimu zaidi. Uganda, Kenya na Tanzania zinafuata saa moja, iliyo mbele ya Greenwich kwa masaa matatu. Saa hiyo ni sahihi kwa jua la watu wa karibu na Mogadishu, kwenye longitudo 45. Kasese iko kwenye longitudo 30. Kila digrii moja ni dakika nne, basi digrii 15 ni saa nzima. Maana yake ni kwamba jua likiwa katikati ya mbingu Kasese, saa ya kabati haionyeshi sita mchana, bali inakaribia saba. Kwa mwaka mzima zawali husogea takriban kutoka saa 6 na dakika 43 mwanzoni mwa Novemba hadi saa 7 na dakika 14 katikati ya Februari. Jua huzama baina ya saa 12 na dakika 47 na saa 1 na dakika 17. Ukilinganisha na Unguja, zawali ya huko hutangulia ya kwetu kwa dakika 36 hivi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo aliyelelewa pwani akazoea kwamba saa kumi na mbili na nusu ni wakati wa kufuturu, akija Kasese akafuata mazoea yake, atakuwa amekula jua likiwa bado juu. Saa yake haikusema uongo. Yeye ndiye aliyeisoma kama yuko kwao.

Na mkaazi wa Kilembe ana mtihani zaidi. Milima ya Rwenzori imetuzunguka, na jua hujificha nyuma ya mgongo wa mlima mapema kabla ya kuzama katika upeo. Kivuli kinafika bondeni huku Kasese mjini bado wanaliona jua. Hukumu za swala tuwaachie masheikh wetu, lakini kwa upande wa elimu ya wakati jambo liko wazi: ndani ya bonde jicho peke yake halitoshi. Tunahitaji ratiba iliyopigwa kwa ajili ya Kasese yenyewe, siyo ya Mombasa wala ya Kampala, pamoja na saa inayokwenda sawasawa. Hapo saa ya kabati inapata tena kazi yake.

Ndugu zetu wa Bwera wanalijua hili kuliko sisi. Wakivuka mto Lhubiriha pale Mpondwe na kuingia Kasindi, wanakuta saa imerudi nyuma kwa saa moja, kwani mashariki ya Congo wako mbele ya Greenwich kwa masaa mawili. Fikirieni saa mbili za kugonga, moja Mpondwe na moja Kasindi, jua liko utosini. Ya Mpondwe inagonga mara moja, na mwenyewe anasema ni saa saba. Ya Kasindi wakati huo huo inagonga mara kumi na mbili, na mwenyewe anasema ni saa sita. Zote mbili nzima, zote mbili zimetiwa ufunguo, na jua ni moja. Zimetofautiana kwa sababu serikali mbili zimeamua tofauti. Na ya Kasindi ndiyo iliyo karibu zaidi na jua letu.

8. TUFANYE NINI?

Muwaqqit wa zamani alilitazama jua kisha akairekebisha saa. Gurudumu la kuhesabu halijui ni saa ngapi. Linajua idadi tu. Ujuzi wa kuiambia saa wakati ni wetu, na ujuzi huo ukipotea, saa nzima na saa mbovu zitakuwa sawa.

Tunawashauri wazazi wafanye jambo moja na watoto wao siku ya likizo. Simamisheni kijiti wima uani kuanzia saa sita na nusu mchana, mtie alama mwisho wa kivuli kila baada ya dakika tano, na mtazame kivuli kifupi kuliko vyote kilianguka saa ya ukutani ikionyesha ngapi. Kisha mtoeni babu au bibi stoo ile saa yake, mtazame bamba la nyuma kwa tochi, na muandike kwenye karatasi alama mliyoiona, jina la aliyeinunua na mwaka kama anaukumbuka. Karatasi hiyo muibandike ndani ya mlango wa nyuma wa saa, ili atakayeifungua baada ya miaka hamsini ajue ilikuwa ya nani.